Kiti Kilichotengenezewa Sakafu

Kiti mwendo cha hospitali, kile chenye magurudumu makubwa mawili nyuma na madogo mawili mbele, kina upana wa sentimita 65 hivi. Gurudumu lake la mbele lina kipenyo cha sentimita 20 au pungufu, tena ni jembamba. Juu ya sakafu ya saruji mtu hukiendesha bila jasho. Kipeleke Hirbadaw, katika ukanda wa Hanang na Mbulu mkoani Manyara, mvua za masika zikiwa zimeshika, na gurudumu lile la mbele litazama kabla hujavuka uwanja wa nyumba. Kiangazi litakwama kwenye vumbi na kokoto. Aliyekaa juu yake hubaki pale pale mpaka atokee wa kumsukuma, na mara nyingi kusukuma hakutoshi, inabidi abebwe yeye na kiti chake.

Kadiri ninavyosoma historia ya chombo hiki ndivyo ninavyosadiki kwamba shida hiyo haikuanza Hirbadaw. Ilianza kule kiti kilikobuniwa, kwa watu waliokuwa wakitazama sakafu. Mazungumzo juu ya vifaa vya kumrahisishia maisha mtumiaji wa kiti mwendo huanza kwa kawaida na orodha ya vitu vya kununua. Mimi naona yaanze na nani alivitengeneza, na alikuwa akikanyaga ardhi gani.

Mfalme Philip wa Pili wa Hispania alitengenezewa kiti cha magurudumu mnamo 1595, chenye pa kuwekea miguu na mgongo wa kulaza. Kilikuwa kiti cha kifahari cha kuendea ndani ya kasri, na hakikuweza kwenda popote bila mtumishi. Miaka 60 baadaye, mwaka 1655, kijana fundi saa wa Ujerumani, Stephan Farffler wa mji wa Altdorf karibu na Nürnberg, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, alijitengenezea gari dogo la magurudumu matatu linalozungushwa kwa mikono. Yeyote aliyeona baiskeli ya matairi matatu ikipita Singida au Dodoma, mwenye nayo akizungusha padeli kwa mikono usawa wa kifua, ameona mtoto wa gari lile. Hapa ndipo historia hii inapogawanyika njia mbili. Kuna kiti ambacho mtu husukumwa, na kuna chombo ambacho mtu hujiendesha, na katika karne zote zilizofuata hiki cha pili kimekuja mara nyingi kutoka kwenye mikono ya wale wale wanaokihitaji.

Kwetu Afrika Mashariki chombo cha kumbebea mtu kilikuwepo, ila hakikuwa cha asiyeweza kutembea. Pwani na kwenye njia za misafara wakubwa walibebwa kwa machela. Mombasa, mwanzoni mwa ukoloni, maofisa walikaa juu ya vigari vilivyopita kwenye reli nyembamba za mjini, vikisukumwa na vijana wakikimbia kwa miguu. Wenye miguu mizima ndio waliobebwa. Wasio na miguu walibaki nyumbani, au walitambaa.

Huku bara gurudumu lenyewe lilichelewa sana. Mbung'o waliua wanyama wa kuvuta katika nyanda nyingi za chini, na mizigo ikakaa vichwani mwa watu na migongoni mwa punda. Katika milima ya Mbulu, Wairaqw walijenga nyumba zao za kale kwa kuchimba ubavu wa mlima, paa tambarare la udongo likikaribia kulingana na ardhi, ili familia na mifugo wajifiche humo maadui wanapovamia. Zilikuwa nyumba za busara kubwa kwa hatari za wakati ule. Kuingia, hata hivyo, kulihitaji miguu, na asiye nayo aliingizwa na kutolewa kwa mikono ya nduguze. Mtoto alibebwa mgongoni na mama, kisha na dada, na alipokuwa mzito kupita kiasi akakaa. Wabarbaig waliohama na ng'ombe wao katika tambarare za chini ya mlima Hanang walikuwa na punda wa kubebea vitu vya nyumba. Nitarudi kwa punda huyo, maana bado hatujamtumia inavyostahili.

Mwaka 1955 mambo mawili yalitokea yaliyokuja kugusa maisha ya eneo hili. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali ya Haydom, na Marekani ikatangazwa kwamba chanjo ya polio ya Jonas Salk inafanya kazi. Hospitali ilifika mara moja. Chanjo ilichukua muda mrefu: mpango wa taifa wa chanjo Tanzania ulianza 1975, mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini aliripotiwa 1996, na nchi ikathibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo kizazi kizima kilikua na miguu iliyonyauka.

Aliyekielewa kizazi hicho mapema kuliko wengi alikuwa daktari wa mifupa Ronald Huckstep, aliyefanya kazi Mulago na Makerere, Kampala, katika miaka ya 1960. Vyuma vya kushikilia miguu vilivyoagizwa Ulaya vilikuwa ghali na vilikaa kwenye viatu vya ngozi vilivyooza kwa matope. Huckstep alitengeneza vyuma vyepesi vilivyochomekwa kwenye kiatu cha soli ya mbao, kitu ambacho seremala na mhunzi wa kawaida wangeweza kukirudia. Watoto waliokuwa wakitambaa walisimama kwa magongo. Kazi hiyo ameieleza katika kitabu chake cha 1975 juu ya polio kwa nchi maskini. Jambo ninalomheshimu nalo ni kwamba alianza na kile kilichokuwa sokoni Kampala, kisha ndipo akachora.

Wakati huo huo, kiti kilichoenea dunia nzima kilikuwa kimetoka kwingine. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Herbert Everest, mhandisi aliyevunjika mgongo mgodini, na rafiki yake Harry Jennings, walitengeneza kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjwa kwa vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi, ili kiingie ndani ya gari. Mtumiaji alishiriki kukibuni, na kwa maisha ya Everest kilikuwa ukombozi. Lakini kilibuniwa kwa mtu mwenye gari, barabara ya lami na nyumba yenye sakafu. Kampuni yao ilitawala soko kiasi kwamba mwaka 1977 serikali ya Marekani iliishtaki kwa ukiritimba. Wakati huo umbo hilo hilo lilikwisha kuwa ndilo “kiti mwendo” machoni pa dunia, na misaada ilipoanza kuja Afrika ilileta hicho.

Hapa Hanang kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Kanada ndiko mhandisi George Klein, wa Baraza la Taifa la Utafiti, alikotengeneza kiti mwendo cha umeme kwa ajili ya askari walioumia katika Vita Kuu ya Pili. Na ni Kanada hiyo hiyo iliyogharimia kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO huku Basotu na Mulbadaw, matrekta na mashine za kuvunia zikiletwa kwenye tambarare ambako Wabarbaig walichungia. Ardhi ipatayo ekari 100,000 ilichukuliwa, na wananchi wakaenda mahakamani kuidai. Kwa hiyo magurudumu makubwa kuliko yote yalifika wilaya hii nusu karne iliyopita, pamoja na karakana, mafuta, vipuri na mafundi wa kuchomelea. Uwezo wa kutengeneza chombo cha kupita kwenye udongo huu ulikuwepo. Mipango ya wakati ule ilimtafuta mkulima wa ngano, na mtu anayetambaa hakuwa kwenye hesabu.

Mwaka 1981 ulibadili hesabu hiyo angalau kwenye karatasi. Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu. Tanzania kikaundwa CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania, na mwaka huo huo Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, kikafunguliwa chuo cha TATCOT cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya mifupa, kwa msaada wa Wajerumani. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya walemavu. Nchini Kenya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilikuwa kimeshaanza tangu 1958, na karakana za Bombolulu, Mombasa, tangu 1969.

Mafunzo makubwa ya muongo ule, hata hivyo, yalitoka kwa wanaoketi. Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nikaragua mwaka 1980 akakuta vijana wakitumia kiti kimoja kwa zamu na kukikarabati wenyewe kwa ujuzi uliomshangaza. Akaona kwamba wabunifu anaowatafuta wako pale. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Whirlwind, mtandao wa karakana ndogo zinazotengeneza viti vya njia mbovu kwa vyuma na beringi zinazopatikana mtaani. Jijini Kampala, katika miaka ya 1990, wanawake wenye ulemavu walianzisha karakana yao ya MADE wakichomelea viti wenyewe. Naomba msomaji aitafakari picha hiyo ya mwanamke aliyekaa kwenye kiti mwendo, amevaa miwani ya kuchomelea, akimtengenezea mwenzake kiti kwa kipimo cha nyonga zake. Ni maendeleo makubwa kuliko kontena zima la misaada.

Na kama unataka kuona chombo kikibadili maisha kwa nguvu zake, nenda mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Tangu uchumi wa Uganda ulipoporomoka na magendo yakawa riziki, watu wenye ulemavu wa miguu walianza kuvusha bidhaa kwa baiskeli za matairi matatu. Maofisa wa forodha waliwaachia kwa huruma, nao wakaigeuza huruma hiyo kuwa kazi. Baiskeli ziliongezwa urefu, zikawekwa sanduku kubwa nyuma na chini ya kiti, vyuma vikaimarishwa, na vijana wenye miguu wakaajiriwa kusukuma. Mwenye baiskeli akawa tajiri na msukumaji kibarua. Watu walioa, walijenga, walisomesha. Mambo kama hayo yameonekana Goma kwenye mpaka wa Gisenyi, na kwenye vivuko vya mto Kongo kati ya Kinshasa na Brazzaville. Hakuna mradi wa nje uliowaagiza wafanye hivyo. Walipata chombo kinachobeba mzigo, na chombo kinachobeba mzigo humpa mwenye nacho nafasi mezani.

Baiskeli ya matairi matatu ina kasoro moja kubwa, na wanaoigawa kwa picha za magazetini hawaitaji. Haiingii ndani. Mtu hufika mlangoni kama dereva na kuingia kwake kwa kutambaa. Kwenye zahanati huiacha nje na kujiburuta hadi kwa daktari. Chooni ndiyo kabisa. Shirika la Uingereza la Motivation, lililoanzishwa 1991 na vijana waliosomea ubunifu, mmoja wao David Constantine akiwa mwenyewe amepooza, liliikabili sehemu ya tatizo hili kwa kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja mbele, lililosogezwa mbali kidogo na miguu. Urefu huo humzuia mtu asipinduke kifudifudi anapogonga shimo, na gurudumu moja pana la mbele halizami upesi kama mawili madogo. Motivation na TATCOT wakaanzisha pale Moshi mafunzo ya mafundi wa viti mwendo, ambao leo wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Moshi na Katesh, makao makuu ya Hanang, ni mwendo wa siku moja kwa basi. Elimu ya chombo hiki, basi, iko mlangoni petu.

Amos Winter, mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha MIT, Marekani, alikuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti vinavyotumika, akasikia malalamiko yale yale: kiti cha kawaida hakitoki nje, baiskeli haiingii ndani. Jawabu lake lilikuwa kiti chenye mikono miwili mirefu ya chuma, cheni na gia moja ya baiskeli. Ukishika mikono hiyo juu, unapata nguvu ya kupanda mlima au kutoka kwenye matope. Ukiishika chini, unapata mwendo wa kasi barabarani. Gia ni mikono yako mwenyewe, hakuna cha kuharibika zaidi ya cheni, na cheni ipo kwa kila fundi baiskeli. Ukiingia ndani unaichomoa mikono ile na kuendesha kwa magurudumu. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, watumiaji walikikosoa bila kumung'unya maneno. Kilikuwa kizito, kilikuwa kipana, na ndani ya nyumba kilikuwa mzigo. Winter na wenzake waliyachukua maneno hayo, wakakipunguza uzito na upana, na majaribio yaliyofuata huko Guatemala na India yakakipata kiti kinachofaa. Nalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu wanaosifiwa ni wahandisi, ilhali kazi ya kugundua makosa ilifanywa na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokaa juu ya kitu kibovu na kusema ni kibovu. Miaka michache baadaye Kenya ikatoa SafariSeat, kiti cha mbunifu Janna Deeble, chenye mikono ya kusukuma vile vile, na magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka ili yote manne yabaki chini penye mabonde. Michoro yake ilikusudiwa kutolewa bure, karakana yoyote iitengeneze.

Kinyume chake ni kiti cha plastiki. Tangu 2001 shirika moja la California limegawa duniani viti vingi mno vilivyoanza kama kiti cheupe cha bustani kilichofungwa kwenye magurudumu ya baiskeli. Ni bei ndogo sana, na kwa aliyekuwa sakafuni miaka 20 siwezi kusema si kitu. Lakini kiti cha saizi moja kwa watu wote ni hatari ya kimya. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008, likisisitiza kwamba kiti kinachofaa ni kile kinachomtosha mwenye nacho, kinachostahimili mazingira yake, na kinachoweza kupatikana na kukarabatiwa nchini mwake. Ripoti ya shirika hilo na UNICEF ya 2022 inakadiria watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo, na kwamba wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35.

Hatari hiyo ya kimya inahusu ngozi. Aliyepooza kwa polio hana nguvu miguuni lakini ana hisia: akichoka kukaa, matako yanamuuma na anajisogeza. Aliyevunjika uti wa mgongo hana hisia hiyo. Kabla ya daktari Ludwig Guttmann kuonyesha pale Stoke Mandeville, Uingereza, katika miaka ya 1940, kwamba mgonjwa akigeuzwa kila baada ya muda na ngozi yake ikitunzwa kavu hafi kwa vidonda, wengi waliovunjika mgongo walikufa mapema kwa maambukizi. Sasa linganisha na Manyara. Polio ya asili imeisha. Badala yake barabara ya lami ya Singida, Katesh hadi Babati imekamilika, na bodaboda zimejaa mpaka vijijini, na kila bodaboda inayopinduka inaweza kuleta mgongo uliovunjika. Wapo watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao kiti kisichowashika kichwa na kiuno kinawapinda zaidi. Ipo mifupa iliyopinda kwa madini ya floridi kwenye maji ya Bonde la Ufa, jambo linalojulikana vyema Arusha na Manyara. Wahitaji wa leo si wale wa 1970, lakini vinavyogawiwa bado ni vile vya 1970.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachokitaka Hirbadaw hakina gurudumu. Ni mto wa kukalia. Mto mzuri hutengenezwa kwa sponji ngumu ya godoro, tabaka mbili, ile ya juu laini na ya chini imara, ukachongwa bonde dogo pale mifupa ya makalio inapogusa, ukavishwa kitambaa kisichoshika maji na cha kufulika. David Werner na wanakijiji wenye ulemavu wa mradi wa PROJIMO, Meksiko, ulioanza 1981, walifundisha mito ya namna hii, hata ya tyubu za baiskeli na ya makaratasi magumu ya maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka mpaka yakachukua umbo la mtu. Mto huo uende pamoja na desturi ya kujiinua kwa mikono mara kwa mara na kumwomba wa nyumbani aangalie ngozi kila jioni. Fundi cherehani wa Katesh anaweza kuushona. Hospitali ikimpa mgonjwa kiti bila mto, imempa nusu ya kiti.

Kisha njia ya kuingia ndani. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8, kwa kanuni inayokubalika ya sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kwenda juu. Mteremko wa udongo uliopondwa na mawe, wenye kingo pembeni, hujengwa na ndugu kwa siku moja. Eneo hili lina mila ya watu kukusanyika kulima au kujenga kwa mwenzao kisha wakala na kunywa pamoja, na sioni kwa nini mteremko usiwe kazi mojawapo. Mlango upanuliwe ufikie sentimita 80. Jiko la mafiga matatu liinuliwe juu ya benchi la udongo lenye uwazi chini, ili mama aliyekaa apike bila kujipinda juu ya moto. Wanawake wenye ulemavu wanaungua sana kwa sababu ya jambo hili moja.

Wapo watakaoendelea kutambaa, kwa sababu ndani ya nyumba ndogo kutambaa ni haraka, na hilo si aibu. Wengi huvaa kandambili mikononi. Mafundi wa katambuga, wanaokata viatu kwenye matairi ya gari, wangeweza kukata vya mikono na vya magoti, vyenye mkanda na sponji ndani. Sijaviona vikiuzwa mnadani. Vingeuzika.

Na punda. Maji ya familia nyingi za Hanang na Mbulu huja kwa madumu mgongoni mwa punda, au kwa mkokoteni wake. Mkokoteni ukishushwa uvungu, ukawekewa ubao wa nyuma unaolala chini kuwa mteremko, na kamba mbili za kufungia magurudumu ya kiti, unakuwa gari la kwenda mnadani, kanisani, zahanati, la mtu aliyekaa juu ya kiti chake mwenyewe akishika hatamu. Hahitaji kubebwa kwa bodaboda akiwa amemkumbatia dereva huku kiti kimebaki nyumbani. Matairi yawe yale yale ya baiskeli au pikipiki, ili kiraka kipatikane. Miiba ya huku ni mikali, na wengine hupendelea matairi yasiyo na upepo. Mimi naona tairi la upepo lenye tyubu nene ni bora, maana tairi gumu humtikisa mtu mgongo na kuvunja fremu, na pancha inazibwa na kijana yeyote wa pale kijiweni.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka mlima Hanang yakaingia Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mipango ya tahadhari iliyofuata inapaswa kuwa na orodha, kitongoji kwa kitongoji, ya watu wasioweza kukimbia, na jina la jirani wa kila mmoja, na chombo cha kumtoa. Hii nayo ni sehemu ya vifaa, ingawa haiuzwi dukani.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010, ikitaka majengo ya umma yafikike. Fedha nayo ipo kidogo: tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo huelekea kwenye kuku, maduka na bajaji, na sina neno juu ya hayo. Ila ningependa kuona kikundi kimoja cha Hanang kikiuomba kwa ajili ya karakana: mashine ya kuchomelea, msumeno wa chuma, cherehani, na fundi wao mmoja aliyepelekwa Moshi kujifunza kupima watu. Halmashauri iwe mteja wa kwanza, ikinunua kwao viti vya shule zake badala ya kungoja kontena.

Wangeanza na kile ambacho hakuna anayependa kukizungumza, kiti cha choo. Choo cha shimo kinamtaka mtu achuchumae, na asiyeweza kuchuchumaa huenda kwa mikono juu ya sakafu iliyolowa, au hupunguza kula na kunywa ili asiende. Msichana wa shule huacha shule kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni fremu ya mbao au bomba la chuma yenye tundu katikati, miguu minne iliyotanuka isiyoyumba, mikono miwili ya kujishikilia, na kimo kinacholingana na kiti mwendo ili mtu ahame kwa kujitelezesha. Kando yake ukuta uwe na upau wa kushika na mlango ufungukie nje, nafasi ya ndani ikitosha kiti kugeuka. Seremala wa Hirbadaw anaweza kukimaliza kwa siku moja au mbili, vipimo vikichukuliwa kwa yule atakayekikalia.